Mpasuko wa Njia ya Haja Kubwa: Cheti cha Dawa Kianze na Chakula

Katika zahanati na vituo vya afya vya Mkoa wa Tabora, kama ilivyo kwingi nchini, neno moja limebebeshwa maradhi mengi: bawasiri. Anayeona damu chooni husema ana bawasiri. Anayewashwa husema hivyo. Anayelia kwa maumivu kila aendapo haja naye husema hivyo. Mara nyingi mtoa huduma huliandika neno hilohilo bila kumkagua mgonjwa, humpa mrija wa marhamu, na humwaga kwa maneno yaliyozoeleka: ale mboga, anywe maji mengi. Maoni yangu ni kwamba mgonjwa mwenye mpasuko hutendewa isivyo haki mara mbili hapo. Kwanza, ugonjwa wake hupewa jina lisilo lake. Pili, tiba yake ya kwanza, ambayo ni chakula, hutajwa kama nasaha ya kuagana ilhali ingepaswa kuandikwa kwa jina, kipimo na muda, kama dawa nyingine yoyote.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba; nyingi huvuja damu bila kuuma. Mpasuko ni mchaniko mdogo wa ngozi laini ndani ya tundu la haja kubwa, na kwa kawaida huwa katikati, upande wa nyuma. Mgonjwa huusimulia kwa namna isiyosahaulika: wakati wa haja huhisi kama anapitisha kipande cha chupa, kisha maumivu ya kuungua humganda kwa dakika nyingi, pengine kwa saa kadhaa. Damu huwa nyekundu, chache, juu ya kinyesi au kwenye maji ya kutawazia. Maumivu huufanya msuli wa ndani wa tundu hilo ukaze. Msuli uliokaza hupunguza damu inayofika kwenye kidonda. Kidonda kisichopata damu ya kutosha hakiponi. Mgonjwa naye huogopa, hubana haja, kinyesi hukauka, na siku ya kukitoa kidonda huchanika upya. Duara hilo likizunguka zaidi ya wiki sita hadi nane, mpasuko huwa sugu. Tiba ya mwanzo, basi, lengo lake ni moja: kulainisha kinyesi ili duara likatike.

Kinachochelewesha tiba hiyo ni aibu, na aibu haichagui cheo. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ipo nyumba ya makumbusho alimokaa David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Watalii huonyeshwa alipolala. Hawaambiwi sana kwamba msafiri huyo, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, alisumbuliwa kwa miaka mingi na bawasiri zilizovuja damu. Alipokuwa kwao Uingereza kati ya 1864 na 1865 alishauriwa afanyiwe upasuaji, akakataa. Alipoondoka Tabora kwenda kusini, shajara yake ya Aprili 1873 inaeleza damu iliyomtoka kwa siku nyingi na udhaifu uliomwandama. Haukupita mwezi akafariki. Maradhi mengine pia yalimdhoofisha, na bawasiri si mpasuko. Lakini ikiwa tabibu aliweza kuacha tatizo la sehemu hiyo limfuate njia nzima, tusishangae mkulima wa tumbaku wa Urambo au mama aliyejifungua juzi akikaa kimya mwaka mzima, au akijaribu dawa za kuchoma anazouziwa gulioni, ambazo huweza kukiunguza kidonda na kuacha kovu linaloziba njia.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba chakula ni tiba ya polepole, na mgonjwa amekuja kutafuta dawa. Ushahidi hauwaungi mkono. Mwaka 1986 mtafiti wa Denmark, S. L. Jensen, alichapisha jaribio la wagonjwa 103 waliopata mpasuko kwa mara ya kwanza. Kundi moja lilipewa marhamu ya ganzi ya lignokaini, la pili marhamu ya haidrokotizoni, na la tatu pumba za ngano pamoja na kukalia maji ya uvuguvugu. Baada ya wiki tatu, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wa kundi la pumba walikuwa wamepona. Wa marhamu ya ganzi walikuwa 6 kati ya 10. Mwaka uliofuata alichapisha jaribio jingine kwa watu waliokwisha kupona: waliokula gramu 15 za pumba kila siku kwa mwaka mzima, mpasuko uliwarudia 16 katika kila 100, waliopewa pumba bandia, uliwarudia 68 katika kila 100. Pumba zilizofanya kazi hiyo ni ndugu wa zile ambazo sisi huziacha mashineni, zikauzwa kwa wafuga kuku.

Hapa historia ya Tabora ina la kutufundisha. Katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe na Ujiji, kipimo cha kawaida cha posho ya mpagazi kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, yaani takribani robo tatu ya kilo. Mtama wa kiasi hicho, hata theluthi ya makapi yake ikipepetwa, ungempa kwa makadirio yangu zaidi ya gramu 25 za makapimlo, yaani nyuzinyuzi, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza leo kwa mtu mzima. Simsifu maisha yake. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa, ndui na kuhara damu. Ninachosema ni kwamba nafaka yao ilikuwa bado na ganda. Karne moja baadaye, mwaka 1972, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa takribani miaka 20, alichapisha na wenzake vipimo vilivyoonyesha kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 za kinyesi kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa 36. Kwa wanamaji wa Uingereza ilikuwa gramu 104 na saa 83. Tangu hapo sisi ndio tuliohama: sembe nyeupe imekuwa alama ya heshima, na dona imeachiwa shule za bweni.

Basi cheti cha chakula kwa mgonjwa wa Tabora kiandikweje? Unga wa dona una takribani gramu 7 za makapimlo katika kila gramu 100. Sembe iliyokobolewa sana hubaki na gramu 2 au 3. Mtu anayekula ugali wa gramu 300 za unga kwa siku hupata gramu 21 kwa dona, na 6 hadi 9 tu kwa sembe. Kikombe kimoja cha kunde zilizochemshwa humwongezea gramu 11 hivi, na mapera mawili ya wastani gramu 6. Embe, fahari ya mji wetu, ni zuri, ila kwa uzito uleule lina chini ya theluthi moja ya makapimlo ya pera. Kiangazi, mboga mbichi zinapoadimika, tuandike choroko, njugu mawe, mlenda uliokaushwa, michembe na matobolwa. Hakuna hata kimoja cha kununuliwa duka la dawa.

Masharti yake nayo yaandikwe. Makapimlo yaongezwe kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, la sivyo tumbo litajaa gesi na mgonjwa ataacha. Maji yaende pamoja nayo, kwani makapimlo bila maji huweza kukifanya choo kiwe kigumu zaidi; anayefanya kazi juani aende na chupa yake shambani, na anayefunga Ramadhani anywe tangu futari hadi daku. Haja isiahirishwe, wala isisukumwe kwa nguvu. Baada ya haja akalie beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15. Mjamzito anayefunga choo kwa vidonge vya madini ya chuma asiviache. Aongezewe chakula hiki, na ikibidi dawa salama ya kulainisha choo. Mtoto anayebana haja kwa kuogopa maumivu asichapwe wala kuaibishwa. Naye anahitaji choo laini.

Pingamizi moja ninalipokea kwa uzito. Sumukuvu hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, hivyo dona ya mahindi yaliyoota ukungu ni hatari kuliko sembe. Mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu. Jibu ni kukausha mahindi vizuri juu ya turubai, kuyahifadhi pakavu, na kutupa punje zenye ukungu kabla ya kusaga. Ambapo hilo haliwezekani, mtama safi na mikunde vitangulie.

Chakula pia kina mpaka wake. Mpasuko usiopona kwa wiki sita hadi nane upelekwe hospitali, mathalani Kitete, ambako daktari ataamua kuhusu marhamu za kulegeza msuli au upasuaji mdogo. Mpasuko ulio ubavuni badala ya katikati umfanye tabibu afikirie kifua kikuu, kaswende au virusi vya UKIMWI. Damu iliyochanganyika na kinyesi, kupungua uzito, upungufu wa damu au mabadiliko ya choo yasiyoisha, hasa kwa aliyevuka miaka 40, yachunguzwe haraka, maana saratani ya utumbo mpana nayo huweza kujificha nyuma ya jina la bawasiri.

Kwa watoa huduma wenzangu, ombi langu ni dogo. Funga mlango, omba ruhusa, kagua. Kisha uliza jana mgonjwa alikula unga gani. Andika dona, kunde, mapera, maji na beseni kwenye cheti, pamoja na tarehe ya kurudi. Nawe msomaji unayeumia, sema mapema. Maneno ya kumwambia muuguzi ni machache: naumia nikienda haja kubwa. Jeraha la wiki mbili hupona kwa chakula cha nyumbani. La mwaka mzima huenda likahitaji kisu.