Masikio ya Mtoto wa Kibarua Nayo Yapimwe



Tumezoea kudai mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo tunaongeza dai jingine: watoto wetu wachanga wapimwe kusikia, na kwa gharama ndogo.

Mtoto kiziwi hana alama usoni. Ananyonya, analia na kucheka kama wenzake. Mama anayeingia shambani alfajiri anagundua mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu, hajasema neno. Majirani wanasema karogwa. Kumbe miezi ambayo ubongo hujifunza lugha imekwisha kupita. Ndiyo maana wataalamu wanataka mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, uziwi uthibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6, uwe ni chombo cha kusikilizia au lugha ya alama.

Kupiga makofi nyuma ya mtoto si kipimo. Aweza kugeuka kwa kuona kivuli tu. Mwaka 1978 David Kemp, huko London, alionyesha kwamba sikio zima likipata sauti hurudisha mwangwi mdogo sana. Kwa hiyo chombo huwekwa sikioni mtoto akiwa amelala, kinatoa mlio na kuusikiliza mwangwi. Hakuna kukisia, na kazi ni ya dakika chache.

Kizuizi ni bei. Vyombo vya hospitali huuzwa maelfu ya dola. Lakini mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza chombo walichokiunda kwa spika za masikioni za bei rahisi na simu ya mkononi. Vifaa vyake ni kiasi cha dola 10.

Wala si lazima awepo daktari bingwa. Huko Lagos, Nigeria, mwaka 2005 na 2006, wahudumu wa afya waliofundishwa walipima watoto 2,003 katika kiliniki nne za chanjo ya kifua kikuu. Mama alikuwa amekwisha kufika kwa ajili ya chanjo.

Hapa Uganda watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wiki 6 ni kuchelewa kidogo, lakini ni afadhali kuliko miaka mitatu. Apimwe amekwisha kunyonya, katika chumba kilicho mbali na kelele za mashine. Asiyepita arudiwe siku ileile, maana uchafu sikioni au kilio huharibu kipimo. Aliyeugua manjano kali apelekwe kwenye kipimo cha mishipa ya kusikia, kwa sababu mwangwi peke yake waweza kumpitisha kimakosa.

Hata hivyo chombo rahisi hakifai kitu ikiwa mama anakatwa ujira kwa kwenda hospitali. Matawi yetu yadai mambo matatu katika mkataba wa pamoja: zahanati ya shamba au kiwanda iwe na chombo na mtu aliyefundishwa, mzazi apewe siku ya kipimo bila kukatwa ujira, na mwajiri alipe nauli ya hospitali ya rufaa.

Mwajiri anapima chai yetu kila siku, hasahau hata kilo moja. Basi asishindwe kupima masikio ya mtoto wetu mara moja. Viongozi wa matawi, lileteni jambo hili mkutanoni.