Tunayajua majina ya Mungu, lakini la yaya je?

UKITEMBEA katika mitaa ya Nairobi, hukosi kukutana na majina ya Mungu ya Kiebrania. Kinyozi ameandika “El Shaddai” mlangoni, mwenye duka la rejareja amechora “Jehovah Jireh” juu ya dirisha, nayo matatu iliyokurushia matope ina “Adonai” nyuma.

Ni majina hayo yaliyoniletea kazi nyumbani. Kitindamimba wetu, aliye Gredi ya Tatu, aliniuliza tukiwa garini: “Mama, Jireh ni nani?” Nilimjibu upesi kwamba ni Mungu. Akauliza tena: “Kwani Mungu ana majina mangapi?” Nilinyamaza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na siku hiyo mjinga alikuwa mimi.

Basi tukapatana na mume wangu kuwa kila Jumapili jioni, baada ya chakula, tutasoma jina moja pamoja na kisa chake.

Tulianza na lile jina kuu. Kwa Kiebrania huandikwa kwa herufi nne, yod, he, waw, he, na limo katika maandiko ya Kiebrania zaidi ya mara 6,000. Zamani Kiebrania kiliandikwa kwa konsonanti tu. Kwa sababu ya heshima, Wayahudi waliacha kulitamka jina hilo, na kila walipolifikia walisoma Adonai, yaani Bwana. Karne nyingi baadaye, wataalamu wao walipotia alama za irabu katika maandiko, waliziwekea zile herufi nne irabu za Adonai, ili msomaji akumbuke la kutamka. Wakristo wa Ulaya wakazisoma herufi pamoja na irabu hizo, na hapo ndipo likatokea jina Yehova. Ndiyo sababu Biblia ya Kiswahili ya 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, huandika BWANA kwa herufi kubwa.

Wiki ya pili ilikuwa zamu ya El Shaddai, ambalo Biblia zetu hulitafsiri Mungu Mwenyezi. Katika kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu alilisikia akiwa mzee wa miaka 99, na Sara hajamzalia mtoto. Wiki ya tatu tukafika kwa Yehova-yire. Wengi hulichukua kuwa jina la kuleta pesa, kumbe ni jina ambalo Ibrahimu aliupa mlima, pale alipokaribia kumtoa mwanawe sadaka, akamwona kondoo dume amenaswa pembe kichakani. Wiki ya nne tulisoma jinsi Mungu alivyojitambulisha kwa Waisraeli kuwa mponyaji wao, ndiyo Yehova Rafa. Walikuwa wametembea siku tatu jangwani bila maji, na waliyoyapata Mara yalikuwa machungu.

Mpenzi msomaji, tuligundua jambo moja. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lililopatikana katika starehe. Kila jina lina mtu aliyefikwa na shida, na anayelibandika ukutani bila kukijua kisa chake amechukua ganda akaacha chungwa.

Wiki ya tano ndipo maji yalipozidi unga. Jina lilikuwa El Roi, Mungu anayeona. Binti yetu wa sekondari alitusomea Mwanzo sura ya 16. Hajiri, mjakazi Mmisri, amepewa mimba na bwana wa nyumba kwa mpango wa bibi wa nyumba. Kisha bibi anamtesa, naye anatorokea jangwani. Kando ya chemchemi malaika anamkuta, na hapo mjakazi huyo anakuwa mtu wa kwanza kusimuliwa katika Biblia akimpa Mungu jina.

Binti akasimama kusoma. “Mama, umeona? Ibrahimu na Sara hawamtaji jina hata mara moja. Wanasema tu mjakazi wangu, mjakazi wako. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika.”

Nilichukua Biblia nikaangalia mwenyewe. Ilikuwa kweli. Nikafungua sura ya 21, ambapo Hajiri anafukuzwa pamoja na mwanawe, mambo yakawa yale yale.

Wakati huo sufuria zilikuwa zikilia jikoni. Kitindamimba akauliza: “Na Auntie anaitwa nani?”

Msichana anayetusaidia kazi ameishi nasi miaka miwili, na sote humwita Auntie. Mimi jina lake nalijua, kwa maana nina nakala ya kitambulisho chake kabatini, na kila mwisho wa mwezi jina hilo huonekana kwenye simu ninapomtumia mshahara. Lakini kinywani mwangu halijawahi kupita. Watoto hawakulijua kabisa. Na zaidi ya hayo, siku hiyo ilikuwa yake ya mapumziko. Nilimwomba abaki kwa sababu tulikuwa na wageni, na haikuwa mara ya kwanza mwezi huo.

Tulimwita, akaja huku akifuta mikono, akidhani amekosa. Mtoto akamuuliza jina. Alicheka, akatuambia jina la nyanya yake ambalo alirithi, na jinsi wanavyolifupisha kwao. Sitaliandika hapa, kwani ni lake. Aliketi nasi tukamaliza sura.

Binti yangu alikasirishwa na malaika kumwambia Hajiri arudi akanyenyekee kwa bibi yake. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwonyesha tu kwamba mtoto aliyeahidiwa aliitwa Ishmaeli, maana yake Mungu husikia. Katika sura moja, mtumishi amesikiwa na ameonwa, nao wakubwa wake hawakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Nilipomsimulia jirani yangu Mwislamu, aliniambia kuwa kwao Hajar ni mama anayeheshimiwa sana. Mahujaji huenda mara saba kati ya Safa na Marwa kwa sababu yeye alikimbia hapo akimtafutia mwanawe maji. Na miongoni mwa majina 99 ambayo watoto wake hufundishwa madrasa limo Al-Basir, Mwenye kuona.

Kumwita mtu kwa jina hakumlipi haki yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi. Kwetu sasa Jumapili vyombo huoshwa na watoto, wageni waje wasije.

Ewe mzazi, ukipenda jaribu jambo hili nyumbani kwako. Chagueni jina moja kwa juma, someni kisa chote, na muulizane ni nani aliyekuwa akilia siku jina hilo lilipotolewa. Kisha, kabla ya kusema amina, tazama walioketi mezani uone ni nani hayupo.

Jumapili njema.