Betri Isihukumiwe Pasi na Ushahidi

Mtu aliyeamka alfajiri akaliendea gari lake, akatia ufunguo na kuuzungusha, na injini isimjibu ila kwa mlio mmoja mkavu kisha kimya, huyo hahitaji kuelezwa fedheha ya kukwama mlangoni pake mwenyewe. Majirani watatoka, na wa kwanza kufika atasema ni betri. Wa pili atasema vivyo hivyo. Na fundi atakapoletwa, aghalabu naye atatamka kwamba betri imekufa na mpya inahitajika, ilhali bado hajafungua mkoba wake wa vyombo. Kwa maoni yangu hukumu ya namna hii, itolewayo bila kipimo, ni dhuluma kwa mwenye gari, na imekwisha kuzoeleka mno katika karakana zetu.

Nasema haya kwa kuwa yamenifika. Hapa Mombasa nilipata kununua betri mbili katika muda usiotimia miezi sita, zote kwa shauri la fundi mmoja, na gari likaendelea kunigomea kila baada ya siku mbili tatu, hata alipokuja mzee mmoja fundi wa umeme wa magari, mtu wa maneno machache, akaweka ncha moja ya kipimo chake juu ya kichwa cha hasi cha betri na ncha ya pili kwenye chuma cha injini, akaniamuru nizungushe ufunguo. Kipimo kikasoma zaidi ya volti 2, mahali ambapo haikupasa kuzidi nusu ya volti. Waya mnene utokao kwenye betri kwenda kwenye bodi ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya gamba lake, pasipofikiwa na jicho. Na sisi wakaazi wa pwani, ambao hewa yetu ina chumvi usiku na mchana, tungepaswa kuwa wa kwanza kuushuku waya huo. Gharama ya kuubadilisha haikufika sehemu ya kumi ya bei ya betri moja.

Maarifa aliyoyatumia mzee yule si ya siri. Betri ya gari ni ya risasi na asidi, kwa asili ileile aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ina vyumba sita, kila kimoja chatoa volti 2 na kitu, na ikiwa imeshiba na kuachwa itulie saa kadhaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki kiasi cha nusu. Ikishuka chini ya 12 ni tupu, lakini utupu si mauti, kwani huenda taa iliachwa ikiwaka usiku kucha na haja yake ni kuchajiwa tu. Stata inapozunguka volti hushuka, wala si ajabu, illa betri nzima haitarajiwi kuanguka chini ya 9.6. Injini ikishawaka, kazi yote ni ya altaneta, na katika magari mengi kipimo hupanda kikafika baina ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, hata ukitia betri mpya leo, itakwisha nguvu njiani kwa kuwa hapana kinachoilisha: mkanda umelegea, au brashi za altaneta zimelika, au waya wake umekatika.

Lipo jambo jingine linalonisikitisha zaidi, nalo ni ile desturi ya kuchomoa kichwa cha betri hali injini inanguruma, eti ikizimika ijulikane kuwa altaneta ni mbovu. Magari ya kale yasiyokuwa na vyombo vya elektroniki pengine yaliweza kustahimili jaribio hilo. Katika gari la leo, umeme wa altaneta uliokosa betri ya kuutuliza huruka ghafula kupita kiasi, nao waweza kuunguza altaneta yenyewe iliyokuwa nzima, pamoja na kompyuta ya injini ambayo bei yake humliza mtu. Fundi akiunyoosha mkono wake kufanya hivyo, mzuie.

Na hasara haikomi mfukoni. Betri iliyotupwa kabla ya ajali yake huenda kuyeyushwa ili risasi yake itolewe, na watu wa Mombasa tunajua risasi hiyo imewatenda nini wenzetu wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ubavuni mwa nyumba za watu, watoto wakaingiwa na sumu damuni, hata mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ikaamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Bi Phyllis Omido, aliyesimama kuwatetea, alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Kila betri nzima tunayoihukumu kwa dhana huongeza mzigo katika njia hiyo hiyo.

Siwashutumu mafundi wote, kwani wengi walijifunza kwa kutazama tu, na aliyewafunza naye hakuwa na kipimo. Lakini kipimo cha kawaida bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya betri moja, na fundi aliyekosa chombo hicho hana haki ya kumtoza mtu fedha kwa kukisia. Basi ewe mwenye gari, kabla hujatoa hata senti, mwambie fundi akusomee tarakimu tatu mbele ya macho yako: ya betri iliyotulia, ya stata inapozunguka, na ya injini inapokwenda. Akishindwa kukusomea, mshukuru kwa kuja, kisha umtafute mwingine.