Wenye Jina Moja

Bwana mmoja wa Ruiru ameniuliza kama yule Ajax aliyejiangusha juu ya upanga wake ndiye huyo huyo Ajax aliyezama baharini. Na kama ndiye, alikufaje mara mbili? Ndugu yangu, hao ni watu wawili, na wote wawili wamo katika utenzi wa Homer uitwao Iliad. Wa kwanza ni mwana wa Telamon, mtu wa umbo kubwa, aliyejiua kwa aibu baada ya silaha za marehemu Achilles kupewa Odysseus. Wa pili ni mwana wa Oileus, mdogo wa umbo, mwepesi wa mbio. Huyu ndiye aliyemkokota Cassandra kutoka kwenye sanamu ya Athena usiku ule Troy ilipoanguka, naye akafia baharini wakati wa kurudi kwao. Wasomaji wengi humtwika wa kwanza kosa la wa pili, wala hakumgusa yule binti.

Majina ya namna hii ni mengi kwa Wayunani. Creusa mmoja ni binti wa mfalme wa Athens, mwingine ni mke wa Aeneas aliyepotea Troy ilipokuwa ikiungua, na mwingine ni bibi arusi wa Corinth aliyeuawa kwa vazi la sumu la Medea. Sababu yake si ngumu: neno lenyewe lina maana ya mwanamke mtawala, basi mtungaji aliyekosa jina la binti mfalme alilichukua hilo. Minos wa Krete naye alikuwa na matendo mengi yasiyopatana, hata waandishi wa baadaye wakasema walikuwa wawili, babu na mjukuu.

Hilo la babu na mjukuu halitamshangaza mtu wa Thika. Kwa desturi ya Wakikuyu mwana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na binti wa kwanza jina la mama wa baba yake. Tuseme Kamau wa Njoroge anamzaa Njoroge. Huyo ni Njoroge wa Kamau. Njoroge naye akizaa mwana, huyo ni Kamau wa Njoroge, sawasawa na babu yake, herufi kwa herufi.

Hadithi zetu nazo zina wenye jina moja. Wanjiru mmoja ni binti wa Gikuyu na Mumbi, wa Mukurwe wa Nyagathanga, na ukoo wa Anjiru umepata jina kwake. Wanjiru mwingine ni msichana wa hadithi ya mvua, ambayo akina Routledge waliiandika katika kitabu chao cha mwaka 1910. Jua liliwaka miaka mitatu, ikasemwa kwamba mvua haina budi kununuliwa kwa msichana huyo. Jamaa wakaleta mbuzi kwa wazazi wake. Akadidimia ardhini hata magoti, hata kiuno, hata shingo, mvua ikinyesha, na watu wa kwao wamesimama pale wasimwokoe. Kijana aliyempenda akaenda mahali pale, akadidimia vile vile, akamkuta chini, akambeba mgongoni akamrudisha. Orpheus alimfuata mkewe Eurydice kuzimu akamkosa kwa kugeuka nyuma; kijana wetu alifaulu. (Eurydice pia ni jina la mke wa Creon wa Thebes, lakini tusizidi kuchanganyikiwa.)

Wapo wasemao kwamba Wanjiru huyu ndiye yule binti wa Mumbi. Mimi sikubali. Binti wa Mumbi ni mama wa ukoo mzima, na katika siku zake umati wa jamaa wa kuleta mbuzi ulikuwa haujazaliwa.

Mambo haya niliyasoma shuleni nikayaona kuwa mchezo wa vitabu tu. Baadaye nikawa karani wa mafaili katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Akaja mama mmoja wa makamo kutoka Ruiru, akitaka faili la kiwanja cha marehemu baba yake. Nikatazama daftari: mwenye jina lile, na jina la baba yake vile vile, yu hai, anakaa Thika, tena alitia sahihi mwezi uliopita.

Nikamwambia, "Mama, baba yako hakufa."

Akanitazama kitambo. "Bwana karani, mimi nilimzika."

Nikamwambia alete karatasi. Alikuja mara tatu, kila mara kwa nauli ya matatu, na kila mara nilimwonyesha daftari lile lile. Tangu mwaka 1920, wanaume walipoanza kuvikwa kipande shingoni, makarani wa nchi hii wamekuwa na nambari za kuwatenga wenye jina moja. Nambari zilikuwa mbele yangu, mbili, mbalimbali. Mimi nilisoma jina.

Safari ya nne alikuja na kijana, mtoto wa kaka yake, kutoka Thika. Akamshika mkono akamsimamisha mbele ya meza yangu. "Huyu ndiye baba yangu aliye hai," akasema. "Yule mwingine ndiye niliyemzika."

Nikaomba radhi, nikafungua faili la pili, nikaandika nambari ya marehemu juu yake kwa wino mwekundu. Mama alimwomba kijana amsomee mara mbili. Kisha akafunga kitambaa chake, akamwambia, "Baba, twende," wakatoka.