MTOTO AULIZE, NA MWALIMU APEWE NAFASI

Ndugu wanachama, kila siku twasikia kwamba mwalimu aache kunena peke yake mbele ya ubao. Awape watoto jambo la kuchunguza, wapime, waulizane, watafute sababu wenyewe. Maneno haya ni mema, nasi twayaunga mkono. Lakini yafaa yasemwe yote, si nusu.

Kwetu jambo hili si geni. Mwaka 1998 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE kwa hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Wilaya 9 zilitangulia, na Kisii na Gucha zilikuwamo. Walimu walifundishwa kufanya majaribio kwa vitu vilivyo karibu, pasipo kungoja vyombo vya maabara. Baadaye mradi ukaenea nchi nzima. Mtaala wa umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, nao wataka mtoto achunguze.

Tutazame mfano. Mtoto wa Nyamira achume majani ya chai, ayapime, ayaanike kivulini, ayapime tena kesho yake. Uzito umepungua. Umekwenda wapi? Hapo atatambua kwamba maji yametoka, tena ataelewa kwa nini kilo 4 na zaidi za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Siku atakapokwenda na mama yake kuuza majani, ataisoma mizani mwenyewe, na akiona kasoro atauliza. Mtu ajuaye kuuliza hapunjwi upesi. Ndiyo sababu jambo hili ni la wafanyakazi wote, wala si la walimu peke yao.

Lakini mizani moja kwa watoto 60 ni kitu cha kutazama tu. Kipindi cha dakika 35 chaisha kabla kundi la pili halijaigusa. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 ilijaza madarasa, nasi tulifurahi kuwaona watoto hao. Ila walimu hawakuongezwa kwa kadiri hiyo.

Wako wasemao kwamba mwalimu hodari hujitafutia njia. Naam, amejitafutia: chupa tupu, kamba, vipande vya mawe ya Tabaka. Lakini chupa tupu haiwezi kugeuzwa kuwa mwalimu wa pili.

Basi twadai mambo matatu. Walimu waongezwe. Vipindi viwili vifuatane siku ya majaribio. Na saa za kutayarisha majaribio zihesabiwe kuwa ni kazi, kwa maana ni kazi.

Ndugu wazazi, yasemeni haya katika mikutano ya shule. Mwalimu akiisha kupewa hayo, naye bado akakaririsha watoto kama kasuku, hapo na alaumiwe.