Mguu wa Kuku Unaovimba Kila Mara

Wiki hii tunarudi kwenye kuku, kwa sababu mama watatu wa hapa Goma wametuuliza jambo moja: kwa nini mguu uliopona unavimba tena?

Sisi wenyewe lilitusumbua. Kuku wetu mwekundu ndiye aliyeanzisha zamu ya kikundi. Ni kama likelemba, ila hapa tunapokezana vifaranga badala ya pesa. Akaanza kuchechemea. Kwenye unyayo alikuwa na uvimbe wenye kigaga cheusi katikati. Tulimtibu, akapona, na kabla mwezi haujaisha akavimba tena. Mara ya tatu ndipo tulipoacha kutazama mguu, tukatazama chini anapokanyaga.

Uwanja wetu ni mawe ya volkano matupu, yale yaliyoletwa na Nyiragongo mwaka 2002. Mnayajua, yanakata hata kandambili. Na kuku wetu alikuwa analala juu kabisa, karibu na mabati. Kila asubuhi anaruka na kutua juu ya mawe hayo. Unyayo ukichubuka, vijidudu vinaingia, na usaha unaanza kukusanyika ndani.

Basi tuliushusha mti wa kulalia hadi chini ya nusu mita. Tulichagua mti laini wenye upana wa vidole vitatu, ili unyayo wote upumzike. Chini tulimwaga maranda kutoka kwa seremala, na yakilowa tunayaondoa. Tuliongeza na lengalenga, maana kuku anayekosa vitamini A ngozi yake inadhoofika.

Kuhusu mguu wenyewe: loweka katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa dakika kumi au kumi na tano, kausha vizuri, paka dawa ya iodini, kisha funga kwa kitambaa safi. Badilisha kitambaa kila siku au kila baada ya siku mbili, na kuku akae pakavu. Usikate kwa wembe. Tulijaribu, damu ikatoka nyingi na uvimbe haukupungua. Ukiwa mgumu na mkubwa, au mguu wote una joto, mwite veterineri.

Vijidudu hivi vinaweza kuingia hata katika kidonda cha mtu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, nawa kwa sabuni, na beseni la kulowekea lisirudi jikoni. Watoto wasishike kitambaa kilichotumika, kichome.

Tena, mama, vile vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani msivitie katika maji ya kuku. Dawa inaingia katika mayai, na mayai wanakula watoto wetu. Veterineri akiandika dawa, muulize mayai yaachwe siku ngapi.

Kuku mwekundu bado anachechemea kidogo asubuhi, lakini ameatamia mayai tisa. Mama wa zamu inayofuata amekwisha kuja kuyahesabu mara mbili.