NYUMBA YETU: Spika Mbili, Chumba Kimoja na Majirani Watano

Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Ni kweli, lakini wahenga hao hawakupanga Temeke wala Kinondoni, na hawakupata kulala upande wa pili wa ukuta ambao jirani ameuegemezea sabufa.

Ndugu msomaji, wiki tatu zilizopita niliitwa kwenda kusuluhisha ugomvi. Baba yangu mdogo, mzee aliyekwisha kupita umri wa miaka sabini, amepanga chumba cha mbele katika nyumba ya Kiswahili huko Temeke: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani nyuma. Jirani wa chumba kinachofuatia ni muuguzi. Hukesha zamu ya usiku na hulala mchana, yaani saa zile zile ambazo mzee hufungulia taarab yake. Dada huyo alikwisha kumwomba mara mbili kwa adabu. Mara ya tatu adabu ikapungua pande zote mbili, na mwenye nyumba akatoa hukumu: mzee auze vyombo vyake au atafute chumba kwingine.

Nilimkuta amenuna. "Mwanangu," alisema, "mimi sipigi kelele. Naongeza sauti kwa sababu kanuni siisikii."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikichunguze chumba kabla sijatoa hukumu yangu.

Wako watu wanaodhani kwamba muziki wa kusikilizwa kwa utulivu ni ule wa Ulaya peke yake. Sisi tunao wetu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri akajifunze kupiga kanuni. Ikhwani Safaa iliundwa Unguja mwaka 1905, na mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Hapa Dar es Salaam wazee hawajaisahau Egyptian Musical Club. Katika taarab hiyo asilia kuna fidla, udi, nai, akodioni, dumbak na besi, na kuna kanuni yenye nyuzi zaidi ya sabini. Juu ya vyote ipo sauti ya mwimbaji na maneno yake. Anayepotewa na maneno amepotewa na wimbo.

Sasa tazama chumba cha mzee. Kina futi kumi kwa kumi. Hakina dari, na ukuta wake na wa muuguzi umekomea chini ya mabati, hivyo sauti huruka kama kuku. Sabufa ilikuwa pembeni kabisa, sakafuni, imegusa ukuta wa jirani. Vispika vyake viwili vidogo vilikuwa juu ya kabati, vimeelekezwa mlangoni. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, chini ya vispika hivyo.

Mpangilio huo una makosa matatu. La kwanza ni pembe. Spika iliyowekwa kwenye pembe husaidiwa na kuta mbili na sakafu kuvimbisha sauti nzito. La pili ni chumba chenyewe. Sauti husafiri takriban meta 349 kwa sekunde katika joto letu la pwani. Katika chumba cha meta tatu, mawimbi ya mtetemo wa mara 57 hivi kwa sekunde huenda ukutani na kurudi yakikutana na kuongezana nguvu. Chumba kikiwa mraba, jambo hilo hutokea kwa urefu na kwa upana kwa pamoja. Uzi wa pili wa besi kutoka chini, ukipigwa bila kubanwa, hutetema mara 55. Basi kila mpigaji alipougusa uzi huo, chumba kizima kilivuma kama pipa, na mvumo wa aina hiyo ndio hasa upitao kwenye matofali.

Kosa la tatu si la chumba. Ni la umri, na hatuwezi kumlaumu mtu kwa umri wake. Masikio ya mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na ndizo zinazobeba mdonoo wa kanuni na ncha za maneno. Zile chache alizobakiwa nazo zilikuwa zinapita juu ya kichwa chake kwenda mlangoni. Alipoongeza sauti, aliongeza kila kitu: yeye akapata kanuni kidogo, muuguzi akapata besi yote.

Tulianza kazi kabla ya kufikiria kununua kitu.

Kwanza, tulikisogeza kitanda hadi kwenye ukuta wa muuguzi na kabati la nguo tukaliweka ubavuni mwake, ukuta huo huo. Spika tulizihamishia ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, ambako kelele hazina wa kumkera. Godoro la sponji na kabati lililojaa nguo havizuii besi, lakini humeza sehemu ya sauti za kati na za juu kabla hazijaufikia ukuta.

Pili, tulipima kwa futikamba. Kila spika iwe futi moja na nusu kutoka ukuta ulio nyuma yake, na baina ya spika mbili ziwe futi tano na nusu. Msikilizaji akae mahali ambapo umbali wake kutoka kila spika ni huo huo, ili pembe tatu ziwe sawa. Katika chumba cha futi kumi, kichwa chake kitakuwa futi sita na kidogo kutoka ukuta wa mbele, yaani ukingoni mwa kitanda. Asikae katikati kabisa ya chumba, maana hapo besi hufifia. Wala asiegemee ukuta wa nyuma, maana hapo huvimba.

Tatu, tuliziweka spika juu ya stuli mbili, zikawa kimo cha masikio ya mtu aliyekaa, zimemwelekea yeye. Chini ya kila moja tuliweka vipande vya kandambili zilizochakaa, ili mtikisiko usishuke stulini hadi sakafuni.

Nne, sabufa tuliitoa pembeni na kitufe cha besi tukakirudisha karibu na mwanzo.

Tano, tulikagua nyaya. Wekundu uende kwenye wekundu na weusi kwenye weusi, kwa spika zote mbili. Waya mmoja ukigeuzwa, spika moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta: besi hupotea, na mwimbaji huwa hajulikani amesimama wapi. Kosa hili limejaa majumbani, na kulirekebisha hakugharimu hata senti.

Mzee aliketi. Nilirudisha sauti chini sana kuliko alivyozoea, akainua kidole akaniambia, "Hiyo hapo." Kanuni ilikuwa imerudi.

Baadaye aliamua kuiuza sabufa, na tulikwenda Kariakoo kutafuta spika mbili za mtumba zenye maboksi ya mbao. Anayekusudia kufanya hivyo azingatie haya. Asidanganywe na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa: nguvu ikiongezwa maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huihisi kwa shida. Kwa chumba kidogo, koni ya inchi tano au sita na nusu inatosha. Gonga boksi kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe, liache. Tazama ukingo wa sponji unaoizunguka koni, kwa kuwa joto na unyevu wa pwani huuozesha. Isukume koni taratibu kwa vidole. Ikikwaruza ndani, usinunue. Boksi lenye tundu nyuma lisibanwe ukutani, na likivuma mno, zibe tundu kwa soksi. Hakikisha pia kwamba omu za spika zinakubaliana na amplifaya. Na nenda na nyimbo unazozijua, usisikilizishwe zile za muuzaji.

Kwa wapenzi wa santuri za zamani lipo jambo la kupunguza gharama. Sauti za enzi ya Siti zilirekodiwa kwa njia moja, si mbili. Spika moja nzuri itakupa kila kilichomo. Usinunue mbili mbovu kwa ajili ya fahari.

Nisiseme uongo: ugomvi haukumalizwa na futikamba. Maadam ukuta haujafika kwenye bati, sauti itavuka tu. Tuliomba kuziba mwanya kwa mbao na blanketi kuukuu, na mwenye nyumba akaafiki mradi tulipie wenyewe. Kisha mzee alibisha hodi kwa jirani yake, jambo ambalo yeye na mimi tulilichelewesha. Muuguzi alimwamkia, akaitikiwa, akaleta ratiba yake ya zamu. Nakala yake sasa imebandikwa nyuma ya mlango wa mzee. Siku dada huyo anapotoka zamu ya usiku, taarab husubiri hadi alasiri.

Muuguzi huyo huyo ndiye aliyemshauri mzee akapimwe masikio. Sikio moja lilikutwa limezibwa na nta, likasafishwa. La pili ni uzee, na uzee hausafishwi. Lakini fikiri, ndugu msomaji: aliyenyimwa usingizi miezi minne ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi jamaa zake hatukuliuliza. Tulimwambia apunguze sauti, bila kumuuliza kwa nini ameiongeza.

Basi ukiwa na mzee nyumbani ambaye redio yake inazidi kupanda mwezi hadi mwezi, usianze na ukali. Sogeza spika, kagua nyaya, mpeleke akapimwe. Ukiwa wewe ndiye mwenye spika, toka ukasimame chumbani kwa jirani dakika tano wakati wimbo wako unapigwa, kwa idhini yake. Utajua mengi ambayo huwezi kuyajua ukiwa umekaa mbele ya spika zako.